Vivuli Mia Mbili vya Bupe

Fundi Ambokile alikuja na kiti chake mwenyewe, na Sekela akajua hapo hapo kwamba maneno yatakuwa marefu. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mvua ya Itebe inanyesha kama ilivyozoea, yaani bila kumwomba mtu radhi, na kituo cha afya kilikuwa kimya kwa sababu akina mama waliona heri wabaki majumbani mwao kuliko kupanda mlima kwenye tope.

"Dada Sekela," alisema, "naomba unijibu bila kukasirika. Ukiwa ndani na vivuli, huwa unaongea navyo?"

"Si ndiyo kazi yenyewe? Nisipouliza nitajuaje kama damu inatoka?"

"Maswali najua. Nauliza baada ya maswali."

Sekela alikuwa anakunja mishipi iliyotoka kufuliwa, akaendelea kukunja. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na moja, mkunga kwa mwaka wa kumi na saba, mwenye mikono iliyosifiwa kata nzima na mdomo ambao haukusifiwa na mtu. Hakukumbuka hata siku moja fundi wa mashine kumfundisha namna ya kukaa na mzazi.

"Kikiniita naitika," alisema. "Mtu akiitwa anaitika. Kwani kwenu mnafanyaje?"

"Unaitikaje?"

"'Abee, niko hapa, usiogope.' Unataka nikuandikie?"

Ambokile hakucheka. Alipangusa kipara chake kwa kiganja, akatazama mvua, akarudi kumtazama yeye, na Sekela akaanza kuogopa kabla hajajua anaogopa nini.

Mambo yalikuwa hivi. Kila mjamzito wa Itebe, akifika mwezi wa nne, alifungwa mshipi mwembamba tumboni. Mshipi ulisoma presha, damu, mapigo ya mtoto, kondo la nyuma limejishika wapi na limeshika kwa nguvu gani, na kutokana na hayo mashine iliyoitwa Mizani ilimfinyangia mwanamke huyo kivuli: mzazi wa hesabu, asiye na mwili popote. Kivuli kilizalishwa mara mia nyumbani na mara mia hospitali, kila mara kwa siku tofauti. Siku ya njia kukatika. Siku ya daktari kuwa na wazazi watatu mbele yako. Siku ya mkunga kuchelewa na siku ya damu kwisha kwenye jokofu. Siku mbaya ziliwekwa nyingi kuliko zilivyo katika maisha, makusudi, ili tofauti ionekane. Mwisho Mizani ilitoa hesabu mbili: vivuli vingapi havikuamka huku, na vingapi havikuamka kule. Kubishana kama bibi zao walivyobishana, huyu anasema nyumbani, yule anasema hospitali, kulikuwa kumekwisha. Watu waliuliza tu, "Mizani imesemaje?" wakafunga mizigo au wakatandika kitanda.

Zamani vivuli havikuwa na hofu, na hesabu zilitoka za uongo. Mwanamke aliyeogopa uchungu wake husimama na presha hupanda, na mashine isiyojua hofu haiwezi kujua hilo. Basi wataalamu wakaongeza hofu. Hofu ilipoingia, sauti ikaja nayo bila kuitwa na mtu, na tangu hapo vivuli vikawa vinaita.

"Mizani imejengwa isione zaidi ya anavyoona mkunga," Ambokile alieleza. "La sivyo ingejua mambo ambayo nyumbani hakuna wa kuyajua. Mtoto akishatoka, inamsubiri mama atulie. Kivuli kikitulia dakika kumi, inakihesabu kizima na kufunga. Sasa wewe unakituliza, dada. Kinasikia 'niko hapa', kinanyamaza. Damu inaendelea kutoka, lakini hakilalamiki tena, na Mizani imeshafunga. Imeshaandika kizima."

Mshipi ulimponyoka Sekela mkononi, akauacha sakafuni.

"Anyesi," alisema.

Anyesi alikuwa mke wa seremala wa kitongoji cha juu. Mizani ilimpa mmoja tu kati ya mia kwa nyumbani, na Sekela mwenyewe ndiye aliyempelekea habari hiyo huku anacheka. Wiki tatu baadaye Anyesi alijifungua kitandani kwake saa nne asubuhi, kabla mkunga wa zamu hajafika. Mama mkwe alikuwapo. "Alitulia tu," mama mkwe alimwambia Sekela, "tukajua amelala."

"Kuna wengine kumi na tisa bado hawajajifungua," Ambokile alisema taratibu. "Wote uliwashughulikia wewe. Wakunga wenzako wakishauliza hunyamaza. Ni wewe peke yako."

"Na Bupe yumo."

"Yumo."

*

Bupe alikuwa mdogo wake Sekela kwa miaka kumi na minne, mwenye kitalu cha miche ya chai upande wa pili wa kijito, na tumbo la wiki thelathini na nane. Sekela alimkuta amechuchumaa kati ya matuta na mimba yake hiyo, anang'oa magugu. Mume wake, Lusajo, alikuwa safarini na magari ya kiwanda cha chai, atarudi wiki inayofuata.

"Usiniambie niinuke," Bupe alisema bila kugeuka. "Nikiinuka sitachuchumaa tena mpaka nizae."

"Hesabu yako imeharibika. Nimeiharibu mimi."

Bupe aliinuka.

Sekela alimwambia nusu. Alisema ameingiza kosa kwenye Mizani, kwamba ile wawili kwa nyumbani na watatu kwa hospitali haina maana, na kwamba vivuli itabidi virudiwe upya, vyote mia mbili. Hakusema kosa lenyewe lilikuwa ni nini. Alijiambia ni mambo ya kitaalamu.

"Au tuache kurudia," alisema. "Uende hospitali, basi. Kule kuna damu, kuna chumba cha upasuaji. Gari linashuka Jumamosi."

"Kule nimeshakwenda mara moja," Bupe alisema, akacheka kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake.

Mama yao alikufa katika wodi ya hospitali siku Bupe alipozaliwa. Sekela alikuwa binti wa miaka kumi na minne, ameketi kwenye benchi nje ya mlango na chupa ya uji mapajani. Wazazi walikuwa wengi na manesi wawili. Alimsikia mama yake anaita, "Nesi. Nesi jamani," kwa muda mrefu, kisha kwa sauti ndogo, kisha basi. Bupe alikua anaambiwa kwamba mama alikwenda usingizini. Sekela ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemwambia hivyo.

"Sikatai hospitali kwa ubishi," Bupe alisema. "Mke wa jirani yangu Mwasandube alikatwa tumbo wakati mtoto yuko mlangoni, zamu zinabadilishana, hakuna aliyemuuliza. Wiki sita anatoka usaha. Hiyo si hatari?"

"Ni hatari."

"Na hapa nina kitanda changu, nina maji ya moto, nina wewe."

"Mimi sina damu ya kukuongezea mfukoni, Bupe."

"Najua." Alifuta udongo mikononi. "Ndiyo maana nataka hesabu ya kweli. Mimi mtu wa miche. Nikiambiwa udongo huu haufai nahamisha, silii. Ikisema hospitali nitapanda gari Jumamosi. Lakini usinipeleke kule kwa hofu yako, dada, wala usinibakize hapa kwa hofu yako. Niambie ukweli tu."

Sekela alisema sawa. Njiani kurudi aliteleza mara mbili, na mara ya pili alikaa pale pale kwenye tope kwa muda, akifikiria jinsi ukweli huo unavyopatikana.

*

Chumba cha Mizani zamani kilikuwa stoo ya dawa, na bado kilinuka spiriti. Palikuwa na kiti kimoja, meza, spika, kinasa sauti, na karatasi ya kuchora mistari. Kivuli kilifunguka kwa sauti ya mkunga aliyefunga mshipi, si mwingine. Na hata kama angeruhusiwa kumwita mkunga mwingine, Sekela asingemwita. Kumpa mgeni kazi ya kumsikiliza Bupe akifa aliona ni uovu zaidi ya kuifanya mwenyewe.

"Saa kumi na nne za uchungu zinapita kwa dakika tatu," Ambokile alimkumbusha mlangoni, spika za masikioni zikiwa shingoni mwake. "Itasimama mara nne uulize. Uliza, usikilize jibu, nyamaza. Usizime kinasa sauti, maana ukizima tutapoteza malalamiko, na malalamiko ndiyo tunayoyataka. Na kumbuka ni hesabu tu, dada."

"Kivuli cha mke wako ulikisikiliza?"

Fundi alitazama chini. "Alikuwapo mkunga. Mimi nilitoka nikanywa chai."

Wakaanza Alhamisi saa mbili asubuhi, nyumbani kwanza.

"Uchungu umeanza saa ngapi?" Sekela aliuliza, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi.

"Alfajiri." Sauti ilikuwa ya Bupe, na ule mkwaruzo wake mdogo anapopanda mlima. "Dada? Ni wewe?"

Mdomo wa Sekela ulishafunguka. Aliufunga.

"Dada?"

Dakika tatu zikapita. Kivuli kilizaa, kililia, kiliita mara saba, kikapona. Sekela akachora mstari upande wa wazima, kisha Mizani ikaanza upya. Hakuna kivuli kilichojua habari za kilichotangulia. Kila kimoja kilifika kigeni, kikauliza upya kama ni yeye, kwa matumaini yale yale, na kila kimoja alikinyima jibu kwa mara ya kwanza.

Cha kumi na moja hakikuamka. Sekela alichora mstari upande wa pili, akatoka barazani, akanawa uso kwa maji ya mvua, akarudi.

Kufikia saa sita alikuwa amejifunza mambo ambayo asingependa kuyajua. Alijua kwamba Bupe akiogopa hutaja kwanza jina la mumewe, kisha la dada yake, na uchungu ukizidi hataji jina tena, anasema "mama" tu, yeye ambaye hakuwahi kuwa na mama wa kumwita hivyo. Alijua atamwambia nini akiona hatapona. Vingine vilimtukana. Kimoja kilimwomba msamaha kwa sahani kiliyoivunja kikiwa na miaka sita, na Sekela alikuwa ameshaisahau sahani hiyo.

Alijaribu kujiambia kuwa ni hesabu. Hesabu gani inaomba msamaha kwa sahani? Kisha akajiambia kinyume chake, kwamba hawa ni watu, na hapo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kama ni watu basi alikuwa anawaua watu ili kumpima mmoja. Aliwaza aitike mara moja tu. Kimoja kikiharibika vitabaki tisini na tisa, na nani atajua? Lakini angechagua kipi? Na akikiitikia hicho, cha kufuata kina kosa gani? Alijua vizuri kwamba akiitika atakuwa anautuliza moyo wake mwenyewe, na atakayelipa ni Bupe wa kweli, yule mwenye udongo mikononi. Alimpenda yule kuliko hawa. Alilisema hilo waziwazi ndani ya kichwa chake, na halikumpa nafuu yoyote.

Cha sitini na saba kilikuwa tofauti. Kiliita mara mbili, kikanyamaza, na Sekela akadhani kimetulia.

"Najua uko hapo," kilisema. "Nakusikia unapumua."

Sekela alijibana.

"Sawa. Kama umenikasirikia, kaa tu hapo hapo. Usiondoke."

Alisokota pindo la kitenge akalijaza mdomoni, akabana pua, akakaa hivyo mpaka dakika tatu zilipoisha. Kile kilipona. Baada ya hapo alikaa na kitenge mdomoni kila kivuli, akikitoa kwa maswali manne tu, na machozi alikuwa ameacha kuyafuta.

Ijumaa ilikuwa zamu ya hospitali. Huko vivuli viliita kidogo zaidi, kwa sababu katika siku nyingi alikuwapo mtu wa kushika mkono, dripu ilikuwapo, damu ilifika. Lakini palikuwa na siku ambazo kitanda kilikuwa mwisho wa wodi na hakuna aliyesikia. Katika mojawapo ya siku hizo, cha themanini na nne, kivuli kiliacha kumwita nesi kikauliza taratibu, "Dada, hivi ndivyo alivyoita mama?"

Sekela alisimama, kiti kikaanguka. Ambokile akafungua mlango.

"Nani amekiambia?" Sekela aliuliza. "Mimi sijawahi kumwambia. Nani amekiambia?"

"Mshipi unasikia miezi mitano, dada. Unasikia mpaka anayoyaota. Kama kivuli kinajua, basi yeye anajua."

Mwishoni mwa siku walihesabu mistari. Nyumbani, tisa hawakuamka. Hospitali, watatu. Kondo la nyuma la Bupe lilikuwa limeng'ang'ania ukutani mwa mji wa mimba, na nyumbani, wawe na mkunga au wasiwe naye, hapakuwa na la kufanya zaidi ya kukandamiza tumbo na kusubiri. Katika hesabu ya zamani, ile ya huruma, saba kati ya hao tisa wa nyumbani walikuwa wametulia, wakafungwa, wakaandikwa wazima.

"Umeokoa mtu leo," Ambokile alisema.

"Nyamaza, kaka," Sekela alimwambia, na fundi wa watu akanyamaza.

*

Bupe alipanda gari Jumamosi bila neno, kama alivyoahidi. Walikaa siku tatu katika nyumba ya kusubiria iliyo ndani ya uzio wa hospitali, wakicheza karata na wajawazito wengine. Jumanne saa saba mchana chupa ikapasuka, wakavuka uwanja kwa miguu kwenda leba.

Leba ilikuwa na vitanda sita na madirisha makubwa. Nesi wa zamu aliitwa Kissa, binti mdogo mwenye sauti ya kuuza samaki, na alimruhusu Sekela aingie kwa kuwa walifahamiana kikazi. Sekela alisimama upande wa kichwa. Alikuwa amezalisha wanawake zaidi ya elfu, na alijua mkono unawekwa wapi na neno gani linasemwa lini.

"Dada," Bupe aliita.

Sekela alimsikia. Alimwona pia, jasho, mishipa ya shingo, macho yaliyofumbwa. Akasubiri dakika tatu zipite.

"Dada, uko hapo?"

Alikuwapo, hatua moja tu. Alitaka kusema abee. Neno lilikuwapo, alilijua, alikuwa amelisema tangu utotoni, lakini taya zilikuwa zimekaza na ulimi umelala, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika pindo la kitenge na kulipandisha mdomoni. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kinahesabu, kikimwambia kwamba akiitika ataharibu, na hata alipojiambia kuwa huyu ni yeye mwenyewe, ni wa kweli, hakuna wa kufuata, mwili haukumsadiki.

"Dada!"

Nesi Kissa aliinua kichwa akamtazama mkunga mwenzake kwa mshangao, kisha akageukia kitandani. "Abee mama! Yupo, tupo wote, usiogope. Haya, vuta pumzi. Tena."

Mtoto alitoka saa kumi na dakika ishirini, wa kike, analia kwa hasira. Kondo halikutoka. Dakika kumi, damu. Kumi na tano, damu zaidi, na midomo ya Bupe ikaanza kupauka. Mara hii kengele ililia, watu watatu wakaja mbio, kitanda kikasukumwa kupita milango miwili, na chupa za damu zilikuwapo kwenye jokofu. Sekela alibaki amesimama leba na mtoto mikononi. Aliweza kuongea tena wakati huo, na aliongea bila kukoma, abee, abee, niko hapa, mpaka mwanamke wa kitanda cha pili akamwomba anyamaze.

Saa kumi na moja na nusu daktari alitoka akasema amepona.

*

Asubuhi jua lilikuwa limetoka, na Bupe alikuwa ameegemea mito miwili, mtoto kifuani. Alikuwa na rangi ya majivu lakini macho yalikuwa yake.

"Nilikuita," alisema.

"Nilisikia."

"Wewe uliyenifundisha kuitika kabla sijajua kutembea. Ulinichapa kwa kutoitika. Nimekuita pale nakufa, aliyeitika ni mtoto wa watu. Ulikuwa umesimama, nilikuona. Kwa nini?"

Sekela alikuwa ameandaa maneno ya kitaalamu usiku kucha. Alipofungua mdomo hayakutoka, yakatoka yale mengine. Alimwambia yote: sauti, hofu iliyoongezwa, kosa lake la kuitika, Anyesi aliyetulia, siku mbili za kitenge mdomoni. Alimwambia hata habari ya sahani, na ya aliyeuliza kuhusu mama. Bupe alisikiliza bila kumkatiza, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo waliokufa ni kumi na wawili," alisema hatimaye.

"Kumi na wawili."

"Na wote walikuwa mimi."

"Sijui, Bupe. Ambokile anasema ni hesabu. Mimi nilikuwepo, na sijui."

"Na waliuliza habari za mama."

"Mmoja."

"Nilijua tangu nina miaka tisa. Bibi aliniambia. Nilikuacha uendelee kunidanganya kwa sababu niliona inakusaidia." Alihamisha mtoto upande wa pili, akakunja uso kwa maumivu. "Na hao kumi na nane waliobaki, wenye hesabu mbovu?"

"Natakiwa niwarudie. Naanza Jumatatu. Wawili wameshasema hawataki, wataamua wenyewe. Waliobaki wanataka kujua, kama ulivyotaka wewe."

"Mimi sikujua nataka nini."

"Ndiyo. Sikukuambia. Hao nitawaambia kwanza."

Bupe alitikisa kichwa polepole, na Sekela akangoja. Alikuwa tayari kufukuzwa, na alikuwa tayari kusamehewa, akiogopa yote mawili kwa kiasi kimoja.

"Mimi nakushukuru, dada," Bupe alisema. "Ningebaki nyumbani, mtoto huyu angelelewa na wewe kama ulivyonilea mimi. Nakushukuru kwa ajili yangu na yake. Lakini wale siwezi kukushukuru kwa niaba yao. Usinitazame hivyo, siwezi."

"Sijakuomba."

"Umezika?"

"Nizike nini? Mizani inafuta."

"Basi hata msiba hawakupata." Bupe alijivuta akakaa vizuri, akamfunika mtoto miguu. "Mtu akifa, ndugu zake huambiwa alivyokufa. Anasimama mmoja aliyekuwapo, anaeleza ugonjwa ulianzaje, alisema nini, alikata roho saa ngapi. Ndugu wanakaa wanasikiliza mpaka mwisho. Hawa ndugu yao ni mimi. Na aliyekuwapo ni wewe peke yako."

"Bupe, umetoka kuongezewa damu jana."

"Nitasikiliza nimelala. Simama, dada."

Wodi ilikuwa na wanawake wengine watano na ndugu zao, wengine wananywa uji, wengine wanacheka kwenye simu. Sekela alisimama. Alinyoosha kitenge, akakunja mikono mbele kama wanavyokunja wasemaji msibani, na mwanamke wa kitanda cha jirani, bila kujua kuna nini, aliweka kikombe chake chini.

"Wa kwanza alikuwa wa kumi na moja," Sekela alianza. "Uchungu ulimwanza alfajiri, nyumbani kwake, mvua ilikuwa inanyesha. Alijifungua salama saa kumi na mbili jioni, mtoto wa kike. Kondo halikutoka. Aliniita mara kumi na tatu."